Nilivyonasa Nyuma ya Vyumba Vyangu vya Kupangisha

Jamani, kuna watu hapa Iringa hawalijui jina langu mpaka leo, lakini ukiwatajia yule baba aliyenasa ukutani wanakuelekeza mpaka dukani kwangu, kwa hiyo bora niisimulie aibu yangu mwenyewe, maana mtaani kuna wanaosema nilitolewa bila suruali na huo ni uongo (ilichanika tu, tena upande mmoja).

Mimi nauza spea za malori kando ya barabara kuu. Kiwanja chetu ni cha kawaida, nyumba iko mbele, na nyuma kulikuwa na uwanja ambao mke wangu, mama Neema, alikuwa analima maboga na chainizi. Sasa wanafunzi wa vyuo walivyoanza kuhangaika kutafuta vyumba, mimi kila nikiyatazama yale maboga naona milango na madirisha. Shemeji yangu Ambakisye, kaka yake mke wangu, anachimba dhahabu kule Chunya, na kipindi kile mwamba ulikuwa umemkubali, basi nikamshawishi tuungane, yeye atoe hela mimi nitoe kiwanja. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma (na sikusoma), kwamba mjini ardhi haiongezeki, mwenye akili anajaza nafasi iliyobaki.

Fundi alipokuja kupima alisimika vigingi akavuta kamba, akaacha kati yetu na ukuta wa jirani nafasi ya mtu kupita na toroli. Akasema ndivyo mipango miji wanavyotaka, na kabla hatujachimba msingi niende halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Nikaitikia. Alivyoondoka nikabaki pale natazama ile nafasi, nikaona nikiibana kidogo nyuma na pembeni napata chumba kizima cha ziada, na mimi hata toroli lenyewe sina. Nikang'oa vigingi nikavisogeza. Basi, kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, mengine yote yalifuata kama mabehewa, maana na kibali nacho sikukiomba, kingeniletea mtu wa kupima.

Kuta zilipopanda, jirani yetu wa nyuma, Mama Upendo, alikuja kwa upole kabisa kulalamika kwamba jiko lake limekuwa giza na madirisha yangu yanachungulia uani kwake. Nikamjibu kwamba kwangu ni kwangu. Mke wangu alinitazama jicho moja, lakini si unajua tena mwanaume akishaona kodi kichwani.

Siku ya kufungua vyumba nikavaa suti yangu ya harusi (ilishaanza kunibana, lakini nani ananunua suti mbili), nikaita mchungaji, kwaya ya usharika wetu na majirani, na Ambakisye akatoka Chunya na koti jipya. Mchungaji akachelewa. Akaja baba mmoja mwenye faili kwapani, mimi nikajua huyu ni yule mtu wa chuo niliyemwomba kwa simu aniletee wapangaji, nikampa kiti cha mbele na soda, nikamtembeza chumba baada ya chumba, na tulipofika cha mwisho nikamnong'oneza kwa majivuno kwamba hicho kisheria hakikutakiwa kuwepo, ni ujanja wangu. Akatabasamu. Nikafurahi mno, nikamwomba aseme neno mbele ya wageni.

Akasimama, akashukuru kwa soda, akasema, "Mimi ni afisa mipango miji. Nimekuja kwa sababu ya malalamiko ya jirani."

Akaeleza taratibu kwamba hatuna kibali na hatujaacha nafasi, kwamba moto ukitokea au bomba la maji machafu likipasuka huko nyuma hakuna atakayefika. Nikamwona Ambakisye ananigeukia polepole. Hapo ndipo akili iliponitoka kabisa, kwa sababu badala ya kunyamaza nilisema nafasi ipo, mtu anapita vizuri tu, na nikasema nitapita mimi mwenyewe watu waone.

Nikaingia ubavu ubavu. Mwanzoni nilikwenda vizuri, nikawa hata nawapungia mkono. Katikati kulikuwa na kizingiti cha dirisha kilichojitokeza, kikanishika kifuani, nikajaribu kurudi, koti likanasa nyuma kwenye tofali la Mama Upendo, nikasikia suruali inaniaga. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma, hata kugeuza shingo. Wamama wa kwaya wakaingia chumbani wakawa wananitazama kupitia nondo za dirisha kama wanamwangalia mgonjwa. Mchungaji akafika wakati huo huo, akauliza mwenyeji yuko wapi, wakamwonyesha dirishani.

Mama Upendo akachungulia juu ya ukuta wake, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, baba Neema." Nikaitikia, ningefanyaje. Wakamwomba ukuta wake ubomolewe kidogo nitoke. Akasema hapana, kwake ni kwake.

Ambakisye akavua koti lake jipya akaomba nyundo. "Shemeji, vuta pumzi, fumba macho," akaniambia kutoka ndani. "Mimi nimezoea kutoa watu mashimoni." Akavunja ukuta chini ya dirisha, ukuta aliougharamia yeye mwenyewe, na mimi nikaingia kwenye chumba changu kwa magoti kupitia tundu, mweupe kwa vumbi kichwani mpaka viatuni, mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Afisa akasubiri nikung'ute vumbi, kisha akachora alama nyekundu ya X, ile ya kubomolewa, pembeni ya lile tundu.

Jumatatu tukaenda ofisini kwake wawili, mimi na Ambakisye. Afisa akatufungulia ramani ya eneo letu, akatuonyesha kwamba mtaa wetu unaruhusiwa kujenga ghorofa moja ya kupangisha, mradi uache nafasi na shimo la choo lifikiwe na gari. Yaani tungekwenda juu tungepata vyumba vingi kuliko vile nilivyovibana. Ambakisye akaitazama ile ramani, akanigeukia.

"Kwa hiyo, shemeji, ulitakiwa kuuliza tu."

Neno hilo liliniuma kuliko kile kizingiti. Tulibomoa, tukaanza upya na kibali, na nilikwenda mwenyewe na mke wangu kumwomba radhi Mama Upendo. Ghorofa sasa ina wanafunzi, na huku nyuma toroli linapita.

Nimeapa sisimiki hata mti bila kuuliza. Juzi mke wangu alitaka banda la kuku, nikakimbilia halmashauri, yule afisa akacheka akasema mzee, banda dogo vile nenda tu kajenge. Nikamwambia hapana, naomba uje unipime kwanza, mimi sitaki niingie kuokota yai nibaki humo.