Nyumba Juu ya Barafu

Majira ya baridi hapa kisiwani kwetu, watu huamka na swali moja, na wengine huliuliza hata kabla hawajapiga mswaki: leo ni ngapi? Anayeulizwa ni Marit Ollila, na hujibu kwa inchi. Kumi na nne. Kumi na sita. Wakishapata namba huwasha magari, huteremsha vioo vyote hata kama pua zinaganda, huacha mikanda bila kufunga ili mtu aweze kuruka nje, kisha huvuka ziwa juu ya barafu, maili mbili na nusu hadi bara, kwenda kazini, shuleni na kwa daktari wa meno. Marit asiposema namba, hakuna anayekwenda popote.

Kazi hiyo aliifanya baba yake, mzee Verner, kwa miaka thelathini na moja, na tulimzika kwa heshima zote za mtu ambaye hakuzamisha hata baiskeli. Marit alirithi keekee yake ya kutobolea barafu, rula yake yenye ndoano mwishoni, na buti ambazo zinampwaya mpaka leo. Usingizi wa baba yake hakuurithi. Verner akishataja namba alikuwa analala fofofo. Marit akishataja namba hukaa dirishani na kuhesabu magari yanayotoka, halafu jioni huhesabu yanayorudi, na katikati ya hesabu hizo mbili chakula hakimshuki sawasawa. Tulimwona jasiri kwa sababu anatembea juu ya maji kila siku. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga kupita sisi sote, na kwa kazi ile, woga si kasoro.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mimba ya miezi saba, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu anayeitwa Orrin. Mume wake, Wendell, huendesha feri ukifika wakati wa joto, na baridi ikija huendesha trekta la kusukuma theluji. Wote watatu walikuwa wanakaa kwa mama yake Wendell, bibi Lempi, katika chumba kimoja cha juu ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Lempi ni mwanamke mwema, lakini ana tabia ya kupanga upya sufuria mara tu mkwewe anapomaliza kuzipanga, na mtoto wa pili alikuwa anatarajiwa Mei. Kwa hiyo walihitaji nyumba kama mtu anavyohitaji hewa.

Nyumba ikapatikana kwa bahati. Kule bara kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyeuza kiwanja chake, na mnunuzi alitaka ardhi tupu. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao, vyumba viwili vya kulala, jiko lenye dirisha la kuelekea mashariki. Mwalimu akatangaza: atakayeibeba kabla Machi haijaisha, ni yake. Na sisi hapa tunajua kubeba nyumba. Babu zetu walikuwa wanazivusha ziwani kila barafu ilipokuwa nzuri. Nusu ya nyumba za kisiwa hiki ziliwahi kukaa bara. Ila nyumba ya mwisho ilivushwa kabla Marit hajazaliwa, na siku hizi barafu huchelewa kuja na huwahi kuondoka, kama mgeni asiyependa chakula chako.

Januari yote Wendell alikuwa anaichora nyumba ile kila mahali. Aliichora kwenye bahasha, akaichora kwenye kioo chenye ukungu, na siku moja akaenda kwenye kiwanja chao akaichora juu ya theluji kwa koleo, ukubwa wake halisi. Hapa mlango, hapa jiko, hapa chumba cha Orrin. Orrin akaenda kujilaza katikati ya chumba chake na kukataa katakata kutoka. Marit alicheka siku ile, na ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa mwezi mzima, maana alipokuwa anacheka ilimjia akilini kwamba atakayesema barafu inabeba au haibebi nyumba ile ni yeye.

Njia yetu ya barafu huwekewa alama kwa miti ya Krismasi. Sikukuu zikiisha kila familia huleta mti wake, na Marit huisimamisha pembeni mwa njia, kila baada ya hatua sitini. Kila mtu anaujua wa kwake, na wapo wanaonuna wakiona wao umewekwa karibu na mwisho. Kati ya miti hiyo ndipo Wendell anaposukuma theluji kila siku, na katikati hapo ndipo Marit anapotoboa, kama baba yake alivyotoboa, kila asubuhi, matundu yaleyale.

Wiki ya pili ya Machi alipata inchi ishirini na mbili. Akapima tena, ishirini na mbili. Redio ilikuwa inasema Ijumaa ya wiki inayofuata itanyesha mvua. Wendell akamwuliza mara moja tu, tena kwa upole, kama inatosha kwa nyumba. Marit akasema inatosha. 

Waliondoka bara Jumamosi saa tatu asubuhi. Nyumba ilikuwa imekalishwa juu ya magogo mawili makubwa mfano wa sleji, chombo cha kuburuzwa juu ya theluji, imefungwa mnyororo nyuma ya trekta kwa pini ya chuma. Kwa kuwa ilikuwa pana kuliko njia, siku moja kabla Wendell alikuwa amesukuma theluji zaidi kila upande, na miti ikang'olewa na kusogezwa nje. Kisiwa kizima kilikuwa ufukweni, Lempi na termosi yake ya kahawa, Orrin shingoni kwa jirani yao Arvo Pelkonen, mzee ambaye hajawahi kunyamaza kwenye jambo lolote. Redio za mkononi zilikuwa wazi, kila mtu anasikia kila mtu.

"Marit," Arvo akasema redioni, "ikizama usijali. Tutakuja kuvua samaki jikoni kwako."

Watu wakacheka. Marit akazidi kuangalia barafu iliyo mbele yake. Desturi ni kwamba mpimaji hutangulia, naye alikuwa mbele kwa hatua kama mia tatu, juu ya pikipiki ya theluji, anakwenda polepole, anasimama, anageuka. Kila akigeuka aliona nyumba yake inakuja juu ya ziwa jeupe, na mapazia ya yule mwalimu bado yamo madirishani. Uzuri wake ulimtia hofu zaidi. 

Walipobakiza kama nusu maili alisimama kuwasubiri. Mikono haikutaka kutulia. Basi akashusha keekee, si kwa sababu yoyote ya maana, akatoboa hapo alipokuwa amesimama. Na alikuwa amesimama pembeni, mahali ambapo juzi palikuwa na mti, mahali ambapo gogo la kushoto la nyumba lingepita.

Keekee ilizama upesi mno. Maji yakapanda. Akaingiza rula, akavuta ndoano ikashika chini ya barafu, akasoma, akadhani amekosea kusoma. Kumi na moja.

Akakimbia, kama mwanamke wa miezi saba anavyoweza kukimbia kwenye buti za marehemu baba yake, akatoboa upande wa pili wa njia. Kumi na nusu.

Ndipo alipoelewa. Theluji ni blanketi, jambo hilo hata Orrin ameshaambiwa. Panapofagiliwa, baridi huingia na barafu hunenepa. Panapolundikwa theluji, barafu hubaki nyembamba chini ya joto lake. Katikati ya njia palikuwa pamefagiliwa miezi miwili. Pembeni palifagiliwa jana. Verner alipima katikati maisha yake yote kwa sababu maisha yake yote yalipita magari, na gari hukaa katikati. Nyumba haikai katikati. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na Marit alikuwa amepima kwa mazoea barabara ya mume wake kupita na nyumba.

Akashika redio. 

"Wendell. Pembeni ni kumi na moja."

Trekta liliendelea kuja. Kisha sauti ya Wendell, taratibu sana: "Rudia."

"Kumi na moja. Magogo yanapita kwenye kumi na moja. Trekta lako liko katikati, liko salama. Chomoa pini, uiache nyumba, njoo."

Trekta lilizidi kuja. 

"Marit, naona moshi wa nyumba ya mama," Wendell akasema. "Imebaki nusu maili. Nikisimama ndiyo nailemea barafu. Niache nitembee nayo, nitafika."

Hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Mzigo unaotembea barafu huuvumilia, unaosimama huichosha. Huenda akipita angefika. Akisimama angelazimika kushuka na kusimama kati ya trekta na nyumba, juu ya barafu ileile, avute pini kwa mikono. Njia zote mbili zilikuwa na kifo ndani yake, na ilimpasa achague sasa hivi, mbele ya watu, kwa niaba ya mtu mwingine.

"Pini," akasema. "Sitaki nyumba. Nakutaka wewe. Wendell, chomoa."

Trekta likasimama. Akamwona anashuka, mdogo kwa mbali, anazunguka nyuma, anainama. Pini ilikuwa imebana. Alipiga nyundo mara moja. Mara ya pili. Marit alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujijua, na redio ilikuwa bado imebanwa mkononi, hivyo kisiwa chote kilimsikia akihesabu. Mara ya tano mnyororo ukaanguka. Wendell akarukia trekta, akaja.

Nyumba ilibaki peke yake. Kwa muda haikufanya lolote, ikasimama tu kana kwamba imejengwa hapo, na alipomfikia Marit, Wendell alikuwa ameanza kukunja uso kwa hasira. Alifungua mdomo kusema kitu. Nyuma yake gogo la kushoto likashuka. Halikuanguka, lilishuka taratibu, kama mzee anayekaa kitini, halafu ukasikika mpasuko uliotoka chini ya miguu yao ukaenda mpaka bara. Nyumba ikalala upande, ikaelea kidogo kwa kuwa ni mbao, mapazia yakalowa. Baada ya robo saa lilibaki paa tu, limeinama, limekamatwa na barafu iliyovunjika.

 Arvo alimfunika Orrin macho kwa kofia yake, na mpaka leo namsifu kwa hilo.

Jumamosi ni siku ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na Lempi aliwasha moto kama kawaida kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Jioni mapema Wendell na Marit wakaingia wawili, Marit akakaa benchi la chini, mbali na joto kali, kama daktari alivyomwagiza. Kutwa nzima watu walikuwa wamekuja na mikate na blanketi, na kila mmoja alimshika Marit bega akamwambia amemwokoa mumewe. Yeye alikuwa akijibu kwamba ndiye aliyempeleka pale. Walidhani ni unyenyekevu.

 Wendell akamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukapanda, akaketi benchi la juu.

"Barafu ilianza kulia mapema," akasema. "Tangu pale kwenye mti wa akina Pelkonen."

Marit akageuka. Mti wa akina Pelkonen ulikuwa karibu na bara. Tangu pale hadi alipompigia redio ilikuwa si chini ya nusu saa.

"Ililiaje?"

"Kama kitambaa kinachochanika. Si ule mlio wa kila siku, ninaujua ule. Nilijua haiko sawa."

"Nusu saa, Wendell. Ulikuwa na redio mapajani. Mbona hukusema?"

Wendell alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Watu wote walikuwa wanasikiliza," akasema. "Ningeanzia wapi? Wewe ndiye uliyepima."

Marit alimtazama mume wake, mabega yake mekundu kwa joto, miguu yake mizima. Maisha yake yote alikuwa ameogopa maji yaliyo chini ya barafu, na hakuwahi hata siku moja kuogopa hili: kwamba yupo mtu ambaye angesikia ziwa linapasuka chini yake, akaendelea kuendesha, ili asimwaibishe mkewe mbele ya majirani. Alitaka kumwambia asimwamini hivyo tena. Kisha akafikiria asubuhi ya kesho, simu italia, na Wendell atakuwa wa kwanza kuvaa buti akingoja namba.

Benchi lilikuwa la moto na mvuke ulikuwa umejaa hadi darini, lakini Marit alianza kutetemeka, na hakuacha hata Wendell alipoteremka kuketi pembeni yake.