Risasi ya Njiani

Dereva aliyeitwa Taratibu hakupewa jina hilo kwa kusifiwa. Alipachikwa na abiria wake wa mwanzo, wauza vyungu wa sokoni, waliodai kwamba aliendesha pikapu yake kana kwamba barabara imetandikwa mayai. Yeye hakukasirika. Alikuwa amejifunza kazi akiwa utingo kwenye lori la vioo, chini ya mwenye lori ambaye hakuwa na tabia ya kurudia onyo, na kutoka huko alibaki na mazoea mawili: kutazama mzigo kabla ya kuwasha gari, na kutowasha gari mpaka mzigo umridhishe. Wauza vyungu, hata walivyomcheka, hawakuhama kwenda kwa dereva mwingine.

Alipooa fundi cherehani wa mtaa wa pili, alipata pamoja na mke kaka yake mkubwa, fundi muashi aliyejulikana kwa jina la Jicho. Huyu aliweza kuona ukuta uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara, na jicho hilohilo ndilo lililomfanya kuwa mlengaji bora katika kundi la wawindaji wa mji ule. Wakulima wa pembezoni walikuwa wakiwaita kila nguruwe pori walipoanza kufukua mashamba ya viazi. Kundi lilikuwa na vibali na bunduki, lakini halikuwa na gari. Jicho alimleta shemeji yake, na tangu hapo kila mwisho wa juma pikapu ya vyungu ikawa pikapu ya wawindaji.

Bunduki zao zilikuwa za aina ya kukunjwa katikati. Unabonyeza kishikizo, mitutu inainama, na matundu mawili ya kuwekea risasi yanabaki wazi mbele ya macho yako. Hakuna silaha iliyo rahisi zaidi kukaguliwa. Hata hivyo, kundi lile lilikuwa na desturi yake. Wakati wa kurudi, wawindaji wote walitoa risasi isipokuwa mmoja. Huyo alisimama kwenye bodi, mara tu nyuma ya kebini, bunduki yake ikiwa imelazwa juu ya paa na risasi moja ndani, ili nguruwe akikatiza barabarani asiponyoke. Waliiita risasi ya njiani. Kuibeba ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa ya Jicho kwa miaka mingi. Wazee wa kundi walimwachia kama watu wanavyomwachia mtu kiti.

Siku moja, jua likiwa bado juu, gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo lililofichwa na maji. Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Jicho aliyumba, mkono ukakaza, na risasi ikapita kwenye paa la kebini. Marisau, zile chembe za ndani ya risasi, hayakupata nafasi ya kutawanyika. Yalitoboa tundu moja la ukubwa wa chungwa, yakazama kwenye kiti cha pembeni ya dereva. Mkulima aliyekuwa amekalia kiti hicho alikuwa ameshuka kwenye njia panda, umbali mfupi tu nyuma yao.

Taratibu alisimamisha gari pembeni, kwa utaratibu wake uleule. Aliona midomo ya watu ikicheza na hakusikia kitu. Sikio la kulia lilirudi jioni. La kushoto halikurudi.

"Ni ajali ya barabara," Jicho alimwambia kesho yake, akiwa amekaa kwenye kochi la dada yake na kikombe cha chai. "Shimo lile halikuonekana, shemeji. Sikulaumu."

Fundi cherehani aliinua macho kutoka kwenye mashine. "Humlaumu nani, kaka?"

Jicho alikunywa chai.

Mke yule ndiye aliyeshona upya kiti kilichotobolewa. Alilazimika kutoa sifongo yote, maana ilikuwa imejaa chembe za risasi, na alizikusanya moja moja kwenye kifuniko cha dumu. Kiti hicho kilikuwa chake siku za soko. Alipomaliza alikikalia, akajaribu kama kinabonyea sawasawa, akashuka.

Mwisho wa juma uliofuata, wawindaji walikuta mkebe mkubwa wa rangi, uliooshwa, umewekwa karibu na usukani. Taratibu alisimama mbele ya bodi na kuwaeleza kwa sauti ya kawaida. Risasi zote zingekaa ndani ya mkebe. Bunduki zote zingekunjwa. Kabla hajawasha gari, angechukua kila bunduki, kuielekeza mawinguni na kutazama ndani ya mitutu mpaka aone mwanga upande wa pili.

"Na risasi ya njiani?" aliuliza kinyozi, mwembamba wa kundi, ambaye mdomo wake haukupumzika hata dukani kwake.

"Haipandi gari hili."

"Taratibu, wewe siku hizi ni dereva au askari wa getini? Ukimaliza bunduki utatukagua na meno?"

"Meno yako nayajua, kinyozi. Hayana usalama, lakini hayatoboi paa."

Walicheka, kisha wakashuka. Jicho alisema kwamba yeye hawezi kukaguliwa kama mtoto na mtu ambaye yeye ndiye aliyemwoza dada yake. Wiki hiyo kundi lilikwenda na lori la mchanga, ambalo dereva wake hakuuliza lolote.

Ukafuata msimu mgumu. Safari za wawindaji ndizo zilizokuwa nguzo ya kazi ya Taratibu, na sasa alibeba alichopata: kabichi, vitanda vya wanaohama, mara moja mbuzi aliyetafuna mkeka wa mwenyewe njia nzima. Jicho aliacha kupita kwa dada yake. Mlangoni hakuonekana tena na vumbi lake la saruji, wala kicheko chake kilichokuwa kikiamsha majirani. Jambo hili lilimuuma Taratibu kuliko kabichi.

"Nikimruhusu yeye peke yake risasi ya njiani," alimwambia mke wake walipokuwa wakikunja nguo zilizoshonwa, "kundi litarudi. Na kaka yako atarudi."

Mke alinyoosha kola ya shati kwa kidole. "Na ikifyatuka tena, utasema uliruhusu kwa sababu yangu. Mume wangu, mimi usinifanye sababu. Ninamkosa, ndiyo. Lakini nataka kumkosa akiwa mzima, na wewe ukiwa mzima."

Taratibu alilipokea shati, akaliweka juu ya mengine.

Mvua zilipoanza, lori la mchanga lilikwama shambani na wawindaji wakalisukuma hadi wakafanana na udongo. Kinyozi akaja kwa Taratibu akiwa mjumbe. Wote wamekubali mkebe, alisema. Wote wamekubali kukaguliwa. Kuhusu Jicho, basi, watazungumza naye hukohuko.

"Hamjazungumza naye," Taratibu alisema.

"Tumezungumza. Yeye ndiye hajajibu."

Taratibu alikubali, akawapeleka mwisho wa juma. Asubuhi Jicho alifika shambani kivyake, kwa miguu, kutoka kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga jirani. Uwindaji ulikwenda vizuri na ukaisha mapema, wingu zito likikaribia. Wawindaji walijipanga nyuma ya gari, wakamwaga risasi mkebeni, na Taratibu akainua bunduki moja baada ya nyingine kuelekea mawinguni. Jicho alipita pembeni yao, akapanda bodi, akasimama mahali pake. Bunduki yake ilikuwa imefungwa, mitutu haijakunjwa.

Taratibu aliurudisha mkebe karibu na usukani. Alichomoa ufunguo wa gari, akautia mfuko wa shati, akaketi kwenye bampa la mbele na kuanza kumenya chungwa.

"Shemeji," Jicho aliita kutoka juu, "dada yangu alinionya kwamba utatuchelewesha hata kwenye mazishi yako."

"Ndiyo maana nayasogeza mbele."

"Bunduki hii naijua kuliko unavyoijua gia yako. Haijawahi kukosea."

"Siku ile haikukosea?" Taratibu aligeuka ili amwelekezee sikio zima. "Basi ililenga nani?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. Matone ya kwanza yaliangukia boneti, na mtu mmoja akasema kwa upole kwamba kaka, toa tu, twende nyumbani. Jicho aliruka chini. Hakutoa kitu. Aliweka bunduki begani na kushika njia ya kurudi mjini kwa miguu, mgongo umenyooka kama ukuta wake.

"Atachoka, tutampitia," kinyozi alinong'ona.

"Hatumpiti," Taratibu alisema. Aliwasha gari, akaweka gia ya kwanza, akamfuata kwa umbali wa kutosha, taa zikiwa zimewashwa ili magari mengine yamwone. Mvua ilikolea. Waliokuwa kwenye bodi walijifunika turubai moja wakalalamika chini yake, lakini hakuna aliyegonga kebini kumwomba dereva aongeze mwendo. Gari lilijikokota, mtu akatembea, na injini ikapata joto.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya lami, Jicho alisimama. Alibaki hivyo kwa muda, maji yakitiririka kwenye ukingo wa kofia. Kisha akakunja bunduki, akachomoa risasi, akarudi mpaka dirishani mwa dereva na kuidondosha mkebeni yeye mwenyewe.

"Nimetoa. Umeniona."

"Nimekuona, shemeji." Taratibu alinyoosha mkono nje ya dirisha. "Nipe nione mwanga."

Jicho alimtazama. Ungeweza kudhani kwamba angegeuka tena na kwenda zake. Akampa. Taratibu alishuka kwenye mvua, akainua mitutu juu, akatazama tundu la kwanza, akatazama la pili bila haraka, akairudisha kwa mikono miwili. Kisha akazunguka na kumfungulia mlango wa pembeni.

Walikuwa hawajafika lami nguruwe pori alipotoka kichakani na kusimama katikati ya barabara, jike mnene, watoto wake wamemfuata kwa mstari. Taratibu alikanyaga breki taratibu. Chini ya turubai watu walichungulia. Jicho alikuwa na mikono juu ya magoti, akiwatazama wakivuka mmoja mmoja mpaka wa mwisho akapotea ng'ambo.

"Mkubwa yule," alisema.

"Mkubwa," Taratibu alikubali, na kuweka gia.