Mwaka Plau Letu Liliponyamaza

Enzi zetu mvua ilikuwa na masikio. Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Ilikuwa nayo mawili, mapana kuliko ya tembo, na kiangazi chote ilikaa nyuma ya mlima Hanang ikisikiliza kijiji chetu chote cha Tlawi. Ikisikia chuma kinalia, hata gurudumu moja tu la plau, inageuza mgongo na kwenda kunyesha kwa watu wengine. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto, na mimi niliamini kama nilivyoamini kwamba jua hutoka mashariki. Kusema kweli niliamini zaidi, maana jua sikuwahi kulipaka mafuta.

Wenzangu mliokulia Mbulu wakati wa Mwingereza mtaukumbuka mwezi wa kumi. Upepo unapuliza vumbi hadi ugali unakuwa mwekundu. Ng'ombe wamekonda, mbavu zao unazihesabu ukiwa ng'ambo ya bonde. Basi siku moja tu wingu dogo linapita, saizi ya kofia ya karani, na kila mji unaingiwa na wazimu. Majembe yanashushwa kutoka darini. Yale yaliyolegea mipini yanalazwa ndani ya maji usiku kucha ili mti uvimbe na kubana. Mbegu za mahindi zilizoning'inia juu ya jiko, nyeusi kwa moshi, zinateremshwa na kuchambuliwa, na ole wako mtoto uonekane unatafuna. Mama alikuwa na jembe lililolika likabaki kama kijiko cha uji, lakini halikutupwa. "Hili ni la kupalilia," alisema. "Likilika zaidi litakuwa la kukunia mgongo."

Kwetu plau lilikuwapo. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi kule Oldeani, na kabla hajarudi huko alilileta plau lile kuukuu, akalibeba mwenyewe kichwani kupanda na kushuka milima. Mimi huwa nasema alilibeba wiki nzima bila kulitua. Mama alikuwa anasema alipata lifti ya lori hadi karibu. Hiyo si muhimu. Muhimu ni kwamba plau tulikuwa nalo, lakini ng'ombe wa kulivuta hatukuwa nao.

Kwa hiyo tuliungana miji mitatu, yaani kaya tatu. Sisi tulitoa plau. Jirani yetu Mzee Gwandu alitoa maksai wanne. Na Baba Safari, yule mcheshi wa ng'ambo ya kijito, alitoa nira na mnyororo. Shamba moja likimalizika, kundi linahamia la pili, halafu la tatu. Sasa swali ni moja: nani anaanza? Maana kule juu anayelimiwa mwanzo anavuna mahindi, na anayelimiwa mwisho anavuna baridi.

Mwamuzi alikuwa Mzee Gwandu. Mvua za kwanza zikikaribia, alipita kukagua. Chombo chako kikilia, unakwenda nyuma ya foleni, kwa sababu wewe ndiye unayefukuza mvua ya watu. Mwaka uliotangulia gurudumu letu lilikuwa limepiga kelele siku ya ukaguzi. Si kelele tu, lilipiga yowe; mimi nasema walisikia hadi Dongobesh. Tukalimiwa mwisho. Mahindi yalipoanza kutoa nywele, mvua ya mawe ikayakuta, na ule mwaka tulikula maboga. Maboga asubuhi, maboga mchana, na jioni, kwa kubadilisha, majani ya maboga. Dada yangu Paskalina alianza kuota maboga yanamfukuza.

Basi mwaka huo ninaousimulia, Mama alisimama mlangoni, akatazama lile wingu la saizi ya kofia, akasema, "Boga halitaingia tena nyumba hii likiwa peke yake."

Tukaanza kazi. Paskalina na mimi tulisugua kutu kwa mchanga na gunzi la hindi. Kutu iliyotoka ungeweza kupaka nyumba nzima na jiko lake. Tulisugua hadi ulimi wa plau ukang'aa, mbuzi akajiona ndani yake, akajipiga kichwa. Mikono ya plau tuliikaza. Parafujo moja iliyokosekana Mama aliifuata kwa miguu hadi mjini Mbulu, kwenye duka la Mwislamu mmoja mpole, ambaye aliingiza mkono ndani ya debe la vyuma, akatafuta huku akiuliza habari za watoto, habari za mbuzi, habari za majirani, na aliposhika parafujo sahihi Mama alikuwa ameshasimulia ukoo mzima.

Likabaki gurudumu. Gurudumu linataka mafuta, na kiangazi hicho ng'ombe wetu mmoja alikuwa anatoa maziwa ya kutosha paka, tena paka asiye na njaa. Samli haikuwapo. Mafuta pekee yaliyobaki nyumbani yalikuwa ya mkia wa kondoo, kibuyu kimoja kilichoning'inia pembeni ya jiko. Na mafuta yale, ndugu zangu, yalikuwa ya miguu yetu. Mnakumbuka wenyewe: bila mafuta, upepo wa mwezi wa kumi ulipasua ngozi hadi unaweza kupanda maharage ndani ya kisigino. Jumapili mtoto aliyepakwa anang'aa kama bilauri, na asiyepakwa anaonekana ametembea ndani ya unga.

Mama akakiteremsha kibuyu, akakiweka chini katikati yetu.

"Miguu au mvua?" akauliza.

Paskalina alikuwa msichana mkubwa tayari, na kanisani kulikuwa na kijana fulani aliyekaa upande wa wanaume akigeuza shingo. Alikitazama kile kibuyu kwa muda mrefu.

"Mama, hata ya kisigino kimoja?"

"Mvua haichagui kisigino."

Paskalina akapumua, akasema, "Haya. Lipakwe lenyewe, likaolewe."

Yakaenda yote kwenye gurudumu. Jumapili tulikwenda misa na miguu myeupe kama tumetoka kinuni, na watoto wa Baba Safari wakatupigia miluzi njia nzima: "Shikamooni, wazungu wa miguuni!" Nyumbani plau lilikuwa limelala ndani, juu ya ngozi, linang'aa kama bwana harusi. Mimi nililinda mlango, yaani nililala karibu nalo na kukoroma.

Siku ya ukaguzi ikafika. Baba Safari alikuja na mnyororo wake ameufunga ndani ya gunia, anaubeba begani taratibu kama mgonjwa. Mzee Gwandu naye akaja, na siku hiyo alikuwa amevaa buti. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka vitani na buti za askari, nyeusi, nzito, akampa baba yake. Tangu hapo Mzee hakuzivua ila kulala, na wengine walisema hata kulala hazivui.

"Shikamoo, baba," tukamwamkia sote.

"Marahaba. Haya, lisukumeni."

Mama akashika mikono ya plau, akaliinamisha lisimame kwa gurudumu lake, akaanza kulisukuma kuzunguka uwanja. Mzee akaenda kando yake, ameinama, sikio karibu na gurudumu. Hatua ya kwanza tu:

*Kwii.*

Moyo wangu ukaanguka, nikausikia ukigonga chini. Mama akaendelea. *Kwii. Kwii. Kwii.* Mzee Gwandu akanyoosha mgongo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayependa kazi yake.

"Mama Paskalina, linalia."

"Haliwezi kulia, baba. Limekula mafuta kuliko watoto."

"Mimi nasikia."

"Hata mimi nasikia," akadakia Baba Safari. "Wazungu wa miguuni, mwaka huu maboga tena!"

Nikaona maboga yanapanda mlima, mstari mrefu, yanakuja kwetu. Mama aliligusa gurudumu kwa kidole, akakitazama kidole, kinang'aa. Paskalina akamkaribia, akamnong'oneza kitu. Mtoto hawezi kumwambia mzee jambo kama lile, na Mama mwenyewe ilibidi alifungie kwenye adabu kwanza.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "umetembea sana tangu asubuhi. Tafadhali simama hapo hapo upumzike, mimi nizunguke peke yangu."

Mzee akasimama. Mama akasukuma. Plau likazunguka uwanja mzima, likapita mbele ya Mzee, likapita nyuma yake, kimya. Kimya cha kanisani. Tulisikia kuku anafikiri.

"Ajabu," akasema Mzee Gwandu, akapiga hatua kulifuata.

*Kwii.*

Akasimama. Kimya. Akapiga hatua nyingine. *Kwii.* Akatazama chini, kwenye buti zake za vita, na sisi sote tukatazama tukijifanya hatutazami.

Baba Safari hakuweza. Kicheko kilimtoka kama maji kwenye mfereji uliobomoka, akajishika tumbo kwa mikono miwili, na mtu akishika tumbo kwa mikono miwili hana wa kushikia mnyororo. Gunia likaanguka juu ya jiwe, likafunguka: *gwaraaa!* Kuku wakaruka. Ng'ombe wa Mzee wakainua vichwa. Nadhani hata Haydom waligeuka.

Palepale kicheko kikamkauka. Mzee Gwandu akavua buti moja, akavua ya pili, akazifunga kamba na kuzining'iniza shingoni. Kisha akatoa hukumu akiwa pekupeku: "Ataanza Mama Paskalina. Wa pili ni mimi. Baba Safari, wewe na mnyororo wako mtafuata."

"Lakini baba, buti zako nazo—"

"Buti zangu zililia kidogo. Wewe umeamsha Hanang."

Wiki haikuisha, mvua ikanyesha. Tena ya kulowesha, ile inayotoa harufu ya udongo hadi unatamani kuula. Maksai waliingia shambani kwetu alfajiri, mnyororo ndani ya gunia, Mzee Gwandu mbele yao pekupeku, na plau likafungua ardhi bila neno. Mwaka huo tulivuna mahindi, maboga tukala kwa hiari. Yule kijana wa kanisani alikuja baadaye kumchumbia Paskalina, na alipoulizwa alimwonea wapi, alisema, "Yule wa miguu myeupe."

Sasa niambie, mtoto aliyeona kwa macho yake buti zikivuliwa na mvua ikaja, ungemshawishi nini? Nilikua na imani yangu. Nimekuwa mtu mzima, nimeingia shule ya usiku, mwalimu ameuliza chini ya taa ya karabai mvua hutoka wapi, nikasimama nikaieleza vizuri, na ushahidi wa buti. Darasa zima la watu wenye ndevu walilala juu ya madawati kwa kicheko. Mwalimu akanichorea ziwa na mawingu na mishale. Nikamhurumia, maskini, hakukulia Tlawi.

Leo nikisimama kule juu naona trekta linapita likiunguruma, kijana amekaa juu yake na simu sikioni, hajui hata kitundu cha grisi kiko upande gani. Likiharibika anampigia fundi, anakaa kivulini kumngoja hadi msimu upite. Kazi inakwenda haraka, sikatai. Lakini hakuna tena jirani anayekuja kuinamia gurudumu lako kwa sikio, wala nyumba inayotazamana kuzunguka kibuyu kimoja na kuamua. Mikono yangu bado hunuka mafuta ya kondoo kila mwezi wa kumi. Sijui yanatoka wapi.

Mwaka ule ule wa shule ya usiku nilikwenda nyumbani kwa kilimo. Mama alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kigoda na plau miguuni pake, anapaka gurudumu. Nikamsimulia jinsi mwalimu alivyokosea. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa, akafuta vidole vyake kwenye visigino vyangu, kimoja kimoja.

"Mvua haina masikio, mwanangu," akasema. "Gurudumu kavu linachosha ng'ombe."