Kitunguu Shingoni mwa Ng'ombe wa Mama

Niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba nusu ya kitunguu ikifungwa shingoni mwa ng'ombe mgonjwa huvuta homa yote, na ikigeuka nyeusi basi ng'ombe kapona. Nilisoma kwenye tovuti. Juu palikuwa na picha ya mtu mwenye koti jeupe, chini watu kibao wakishukuru, na mimi ukweli niliupima kwa hayo: koti na shukrani.

Nyumbani Kilema mimi ndiye msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni mjini Moshi, nikiwa na upara wa kuwamulikia wenzangu umeme ukikatika. Tangu hapo mama hakunywa hata dawa ya kikohozi kabla hajaniuliza simu inasemaje.

Ng'ombe alikuwa mmoja, wa maziwa, na ndiye aliyemlisha mama tangu mibuni izeeke. Hakutoka bandani, majani tuliyafuata tambarare, chini ya Himo, na kupe wakaja nayo. Asubuhi moja akakataa kula. Tezi chini ya masikio zilikuwa zimevimba kama viazi.

"Nimwite bwana mifugo?" mama akauliza.

"Subiri, mama. Nimeshasoma."

Jirani alipita akakiona kitunguu nilichomfunga shingoni. "Msomi, kipaimara cha ng'ombe ni lini? Naona mkufu tayari."

Nikacheka kumshinda yeye.

Siku ya nne kitunguu kilikuwa cheusi tii. Nikamwita mama aje aone. Hakukitazama. Alimtazama ng'ombe, aliyelala chini, povu puani, akihema kwa shida. Akatoa kisimu chake akampigia bwana mifugo, bila kuniuliza.

Bwana mifugo alipofika, ng'ombe alikuwa keshakufa, na mama keshamfunika kwa majani ya mgomba.

Nilipomweleza, bwana mifugo aliomba kuiona ile tovuti. Koti hakulijali, aliteremka moja kwa moja hadi mwisho wa ukurasa, mahali ambapo mimi sijawahi kufika. "Aliyeandika hajajitaja. Na huyu wa koti, ona hapa, anauza dawa ya kurudisha mume. Shukrani hizi yeyote anaweza kuziandika."



Mama akauliza taratibu, "Sasa kile kitunguu, mbona kiligeuka cheusi?"

"Kimeoza tu, mama," bwana mifugo akamjibu. "Kitunguu hakivuti homa. Hii ni ndigana, homa ya kupe, na mngeniita siku ile ya kwanza, sindano ingeweza kumponya."