Triumph Imerudi

Émilienne alitoka Bukavu akiwa na mimba. Mwanawe mkubwa, Zéphyrin, alimwacha kwa bibi yake, akitumaini kumwita Landani akishapata makaratasi. Makaratasi yalichelewa. Boti aliyopanda kijana huyo kutoka Goma ilizama katika Ziwa Kivu, na mwili wake haukuonekana.

Noëlla, mtoto wa mimba ile, aliyezaliwa Edmonton, kaskazini mwa Landani, hakuwahi kumwona kaka yake. Alipojifungua mtoto wa kiume alimpa jina la kaka huyo, akidhani anampa mama yake zawadi. Émilienne alimpakata mjukuu, akamrudisha kitandani, akachukua koti lake, akaondoka.

Kesho yake alikwenda kazini. Alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Dinah, bibi Mwingereza ambaye baba yake alipotea vitani mwaka 1942, ndani ya nyambizi iliyoitwa Triumph. Alimkuta mbele ya televisheni, chai imepoa. Wapiga mbizi walikuwa wameiona nyambizi ile chini ya bahari, upande wa Ugiriki.

Émilienne alimpa pole. Dinah akamsimulia habari za mama yake. Miaka mingi baada ya vita, jeshi liliunda nyambizi nyingine na kuipa jina lilelile. Mama huyo alikuwa ameshazeeka, kumbukumbu zinamtoka. Kila redio iliposema Triumph imerudi salama, alivaa koti, akapaka rangi ya mdomo, akaketi kumsubiri mumewe.

"Ulimwambiaje?" Émilienne aliuliza.

"Mwanzoni nilimwambia ukweli. Ikawa kila mara anafiwa upya. Mwishowe nikawa naketi naye tu, mpaka asahau."

Hapo Émilienne naye akamweleza kuhusu Zéphyrin. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kazini.

Jioni alipanda treni hadi Barking kwa Noëlla, akamsihi abadilishe jina la mtoto. Noëlla alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Zéphyrin alikuwa kaka yake pia, na yeye Noëlla hana kitu kingine chochote cha kaka huyo.

Jina lilibaki. Émilienne humwita mjukuu Baba, kama bibi wengine, na hakuna anayeona ajabu. Mara moja tu, mtoto ameshaanza kusema na akiwa na homa, alimwinamia akanong'ona, "Zéphyrin."

Mtoto akafumbua macho, akaitika.

Émilienne alilia mpaka Noëlla akaja kumchukua mtoto.