Shemeji na Herufi Zenye Mikia

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa vibao, na mtaa mzima unamwita Mikia. Kwa jina hilo hakuonewa. Haijawahi kutoka herufi kwenye brashi yake bila mkia. R yake inaburuta mguu kama bibi harusi anayeburuta gauni, Y inajikunja mara mbili kabla ya kutulia, na hata I, ambayo mimi huwaambia watoto wa darasa la kwanza kwamba ni fimbo tu, kwake inaota vitawi juu na chini. Mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika. Kati ya wanaume wote wa dunia hii, dada yangu alikwenda kunichukulia huyo.

Sisemi hajui kazi. Anavuta mstari wa hatua nne kwa mkono mtupu, bila rula, na ukipima hauna kosa. Shida yake ni moja: hasomi anachokiandika. Anakitazama tu. Kwake neno ni kitu cha kupambwa, na likishapendeza, amemaliza. Aliwahi kuuandikia ukumbi wa sherehe milango miwili ya choo, WANAUME na WANAWAKE, kwa herufi zilizosokotana hivi kwamba mwanzo ulisomeka na mwisho ulisomeka, ila pale katikati, penye tofauti yenyewe, palikuwa kichaka. Siku ya kwanza tu mwenyekiti wa kamati aliingia kwa akina mama na akatoka mbio ameshika mkanda. Fundi wa majeneza naye aliandikiwa jina la karakana yake kwa herufi nene za duara, rangi ya waridi, na kwa wiki nzima watoto wakawa wanaingia kuulizia peremende.

Ukimwambia, anacheka.

"Shemeji, wewe unadhani watu wote wako darasani kwako. Watu wanapenda kizuri."

"Watu wanapenda kujua wanaingia choo gani."

"Aah, wivu huo. Mwandiko wako kama wa daktari."

Basi tuliishi hivyo, yeye na mikia yake, mimi na mdomo wangu, mpaka lilipokuja suala la nyumba ya mama.

Baba alipofariki, mdogo wake, baba mdogo, alianza kuja na watu. Alikuja nao mchana kweupe, na heshima zake zote, anawazungusha uani, anawaonyesha tangi la maji, anagonga kuta kwa vidole ili wasikie zilivyo imara, halafu anawaambia, "Shemeji yangu ameridhia kabisa." Mama hakuridhia chochote. Nyumba ile waliijenga yeye na baba chumba baada ya chumba, na hati ina majina ya wote wawili. Lakini mama ni mpole, na baba mdogo ana sauti. Mama akifungua kinywa, baba mdogo anamwahi: "Bado ana majonzi, msimchoshe." Mimi nilitaka kwenda kumpasulia ukweli mbele ya wageni wake. Mama akanikataza. Alisema hataki kurushiana maneno na mtu aliyezaliwa tumbo moja na mumewe. Anataka ukuta ndio useme. Yaandikwe yale maneno matatu ambayo kila mtu amewahi kuyaona kwenye ukuta wa mtu fulani: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mikia akaitwa. Mkwe akiagizwa na mama mkwe hasemi njoo kesho. Alifika asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi, akaamkia akiwa mbali, kama inavyompasa, na kufungua makopo matatu ya rangi.

"Mama, nitakuandikia kitu ambacho hakuna mtu atapita bila kusimama."

"Asante, mwanangu. Kisomeke tu."

Pale mbele ya nyumba, dirisha la sebule liko katikati ya ukuta. Mtu mwingine angeandika juu yake akamaliza. Mikia alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akaona dirisha linaleta mizani nzuri. Kushoto akaandika NYUMBA HII HAI. Kulia akaandika UZWI. Herufi nyekundu, kivuli cha manjano nyuma yake, ua dogo ndani ya kila U, na mkia wa I ya mwisho ukapinda taratibu kuelekea mlangoni, kama unamwambia mtu apite ndani. Chini kabisa, kwa mazoea ya kazi, akaweka jina lake na namba ya simu.

Nilisimama pale nikasoma kwa sauti, kama ninavyowasomea wanafunzi wangu.

"Nyumba hii hai."

"Endelea, shemeji. Jicho linaruka dirisha lenyewe."

"Kwani kuna aliyesema imekufa?"

Alikuwa akiupiga picha ukuta wake.

Jicho liliruka kweli, likaenda kutua kwenye namba ya simu. Mtu anapita na gari, anaona ukuta umepakwa upya, rangi, maua, namba. Hapo nani atashuka kuunganisha HAI na UZWI? Kila aliyepita alijua moyoni mwake kwamba nyumba inauzwa, maana mtu asiyetaka kuuza hapambi hivyo. Simu zikaanza. Ya kwanza Mikia aliipokea tukiwa naye mezani, akadhani amepata kazi.

"Ndiyo, ni mimi mwenyewe," alisema, kifua mbele. "Umeuona ukuta? Umependa, eh? Karibu sana, njoo hata leo uangalie kwa karibu. Usiogope, gonga tu, mama yupo."

Alikata simu anatabasamu. Dada akamtazama, akaweka kijiko chini.

Wiki hiyo waliombishia mama hodi walikuwa wengi kuliko wote walioletwa na baba mdogo kwa miezi mitatu. Mmoja alikuja na futi ya kupimia akaanza kupima sebule mama akiwa amekaa humo humo. Baba mdogo aliuona ukuta, akauzunguka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaupiga picha. Kuanzia hapo kila mnunuzi alionyeshwa ile picha: "Tazameni, hata mkwe ameweka namba yake. Familia nzima tumekubaliana." Kwa picha hiyo akampata mzee mmoja mwenye malori, aliyetaka kubomoa kila kitu ajenge ghala. Wakapanga Jumamosi, saa nne asubuhi, mzee aje na karatasi na mashahidi.

Habari hiyo mama aliipata Ijumaa mchana, na alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Nilimpigia Mikia simu, na niliyomwambia sitayaandika hapa, kwa sababu kitabu hiki kinaweza kusomwa na wanafunzi wangu.

Alikuja mbio na ndoo ya rangi nyeupe. Akafuta ua, akafuta kivuli, akafuta namba, akafuta herufi zote. Ukuta ulipokauka, mama akatoka nje.

"Mwanangu, safari hii usinipambie. Niandikie kama mtu aliyekasirika."

"Sawa, mama."

Akapanda stuli, brashi ikachovywa kwenye rangi nyeusi. N ikatoka na mabega mapana na kiuno chembamba, nzuri ajabu. Akaifuta. N ya pili ikaota kamkia. Akahamishia brashi mkono wa kushoto, na nyie, mkono wa kushoto nao una mikia! Akafumba macho. Ikatoka N ya kadi ya harusi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuwa na hamu ya kumcheka. Aliteremka, akamtazama mama miguuni.

"Mama, nisamehe. Nimejaribu. Mkono haujui kukasirika."

Mama akanyoosha mkono. "Lete."

Mama yangu hakupata kusoma. Alihudhuria darasa la watu wazima miezi michache, akaacha mimi nilipozaliwa. Fomu zote za nyumba ile, barua zote, risiti zote, aliziandika baba, na mama akiombwa sahihi alikuwa anaweka alama moja ndogo haraka na kuifunika kwa kiganja. Sasa alipanda stuli, dada kamshika kiuno, akaanza juu ya dirisha. N ilitoka imegeuka. Herufi za kwanza zilikuwa ndogo, zilizofuata kubwa, za mwisho kubwa kuliko zote, kama mtu anayepandisha sauti. Rangi ilichuruzika mpaka kwenye kioo. Mikia akainua kitambaa apanguse tone moja. Mama akamgonga vidole kwa mpini wa brashi. Z nayo ikageuka, nami nikafungua mdomo, na dada akanikanyaga mguu.

NYUMBA HII HAIUZWI. Neno zima, bila mwanya.

Jumamosi saa nne yule mzee wa malori aliteremka kwenye gari na baba mdogo akiwa mbele yake, bahasha kwapani, anaongea. Mzee akasimama getini. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Nani kaandika hivi?"

"Aah, wahuni wa mtaani tu hao," akasema baba mdogo. "Tupite ndani."

"Mhuni haandiki hivi." Akamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kibarazani na mikono mapajani. "Mama, ni wewe?"

Mama akainua kiganja. Rangi nyeusi ilikuwa haijatoka.

"Ni mimi, baba. Siuzi."

Mzee akamgeukia baba mdogo. "Uliniambia ameridhia." Aliwapungia mkono mashahidi wake warudi garini, akamwomba mama radhi kwa usumbufu, akaondoka. Baba mdogo akabaki getini na bahasha yake, kisha akaondoka kwa miguu.

Mikia alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya njia, anautazama ukuta. Nilidhani anatafuta kasoro. Alipoinuka akaniambia, "Shemeji, hii mimi siwezi kuiandika," na hakuwa anatania.

Mama alishuka kibarazani, akaja kusimama kando yangu. Miaka kumi na minne nafundisha watoto wa watu kuandika, na hadi jana yake nilikuwa sijauona mwandiko wa mama yangu. Alikuwa ameuficha nisiuone mimi. Aliuangalia ukuta, akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeleta daftari mezani:

"Mwalimu, ile Z imekaa sawa?"

Z zilizogeuka nimezikata kwa kalamu nyekundu maelfu kwa maelfu.

"Imekaa sawa, mama," nikasema.