Mate Kwenye Miwani ya Dada

Juzi, kwenye hoteli ninayofanyia usafi hapa Karatu, mgeni alikuwa anasugua miwani mpya ya kuzamia kwa dawa ya meno. Ile harufu ikanirudisha nyumbani.

Dada Neema alikuwa anakwenda Zanzibar kujifunza kuzamia. Mama hakutaka, na kusema haki, kwetu hakuna aliyejua hata kuogelea. Siku tatu hakumsemesha, au labda mbili.

Mchana wa kuondoka kwake, dada alinipa miwani yake mpya niisugue kioo kwa dawa ya meno, kutoa utando wa kiwandani.

"Taratibu wewe, utanikwaruzia!"

Nilipoisuuza, akaitemea mate ndani, akayasambaza kwa kidole. Sasa kwao mama, kule Piyaya Umasaini, mzee akikubariki hukutemea mate kidogo. Nikamwonea huruma dada: amenyimwa baraka, anajibariki mwenyewe.

Alipoingia ndani kufunga begi, nikaipeleka miwani jikoni. Maharage yalikuwa yanachemka, moshi unawasha macho.

"Mama, dada amejitemea mate mwenyewe."

Mama akaacha mwiko. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Humu."

Akaishika miwani kwa mikono miwili, akaitazama sana, kisha naye akaitemea kidogo.

"Mrudishie. Mwambie aje ale, chakula kinapoa."

Chakula kilikuwa hata hakijaiva.

Leo najua yale mate ni ya kuzuia kioo kisishike ukungu. Sijui kama nilimdanganya mama, sikukusudia. Ila dada hajui mpaka leo kwamba mama naye aliitemea. Jioni nitampigia simu.